Goma: Siku sita za kutafuta karatasi ya umaskini

Kabla jua halijachomoza, kwenye soko la Kituku kando ya ziwa, wanawake husimama ndani ya maji mpaka magotini wakingoja mitumbwi iliyovua usiku kwa taa. Mmoja wao ni mama wa miaka hamsini na kidogo, mkaaji wa Majengo, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe. Huchukua beseni moja la sambaza, mara nyingi kwa mkopo, hulibeba kichwani na kupita nyumba kwa nyumba. Siku yenye samaki anabaki na faranga 4.500 hivi baada ya kulipa. Siku ya upepo hapati kitu.

Tarehe 3 Septemba 2024 mukamwana wake alijifungua mtoto wa kiume. Binti ana miaka 19. Alikimbia kutoka Sake mwezi wa Februari mwaka huo, vita vilipofika pale, akaja kukaa kwa mama mkwe. Kijana aliyempa mimba alikuwa Rubaya, kwenye machimbo, na tangu mwezi wa Aprili kumpata kwa simu ilikuwa bahati. Uchungu ulidumu usiku mzima, mtoto hakushuka, wakampasua tumbo. Mama na mtoto wakatoka salama. Hospitali yenyewe, ambayo nayo haitatajwa, ilifanya kazi yake vizuri, na hilo mama analisema kila mara kabla ya kusema mengine.

Tarehe 10 daktari alisema binti anaweza kurudi nyumbani. Kwenye dirisha la malipo wakampa fakture: dola 165.

Kwa kipimo cha dola moja faranga 2.800, hizo ni faranga 462.000. Kwa beseni la sambaza, ni zaidi ya siku 100 za kuuza bila kula, bila kulipa nyumba, bila siku hata moja ya upepo.

Binti akahamishwa kutoka kitanda cha waliopasuliwa, akapelekwa chumba cha nyuma. Kila mkaaji wa Goma anakijua chumba cha namna hiyo hata kama hajawahi kulala ndani yake. Hakina kufuli. Wanawake wanaingia na kutoka, wanafua nguo za watoto, wanapika nje. Ila mlinzi wa lango anawajua kwa sura, na bila karatasi yenye mhuri wa malipo hakuna anayepita na mtoto. Mle ndani walikuwamo wanawake saba. Mmoja alikuwa amemaliza majuma matano. Kila siku ya kungoja iliongeza dola 2 kwenye fakture, kwa ajili ya kitanda.

Mama alikuwa na tumaini moja. Redioni alikuwa amesikia kwamba kujifungua ni bure.

Hakusikia vibaya. Katiba ya Februari 2006, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 iliweka msingi wa matibabu kwa wote, na amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 3 Machi 2023 ikairekebisha ili mpango wenyewe uweze kuanza. Septemba 2023 rais Félix Tshisekedi alizindua Kinshasa uzazi wa bure: vipimo vya mimba, kujifungua, hata kwa kupasuliwa, na matunzo ya mtoto mchanga mpaka siku 28. Baadaye mpango ukaenda katika majimbo mengine. Hakuna anayelipa dirishani. Kituo kinaandika kazi kilizofanya na kulipwa na Mfuko wa Mshikamano wa Afya, ambao ni wa serikali.

Jambo ambalo mtu halishiki haraka anaposikiliza redio huku akikaanga samaki ni hili: bure hiyo haimfuati mama, inafuata kituo. Kituo kilichochaguliwa na kutia sahihi mkataba kinapokea bila malipo. Kituo ambacho hakijatia sahihi kinaendelea kama zamani. Mwanamke mwenye uchungu saa saba ya usiku, kwenye pikipiki, na barabara ya mawe ya volkano chini yake, haulizi ni nani aliyetia sahihi. Anakwenda palipo karibu.

Muuguzi alimjibu kwa heshima. “Mama, ile ya bule munasikia ku redio, huku kwetu haijafika. Sisi hatuko ku orodha.”

Neno hilo, orodha, mama alilisikia tena kesho yake. Mjini kulikuwa na matibabu ya bure yaliyokuwa yakifanya kazi kweli, tena karibu kabisa: yale ya mashirika kwa wakimbizi wa kambi, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyingine. Binti alikuwa mkimbizi. Alikuwa na kovu la kuanguka njiani kama ushahidi. Lakini tangu Februari alikuwa analala Majengo, kwa mama mkwe, hakuwa na jeton ya kambi yoyote. Laiti angelala chini ya turubai angekuwa na namba. Kwa kuwa alipokelewa na familia, hakuhesabiwa. Hii ni dosari ya zamani ya misaada katika mji huu, ambako familia nyingi zilipokea watu kumi ndani ya vyumba viwili bila mtu kuja kuandika.

Ikabaki njia ya tatu, ambayo mama alielezwa na mwanamke wa majuma matano: cheti cha umaskini. Ukithibitishwa na serikali kwamba huna kitu, hospitali inaweza kupunguza, au hata kusamehe.

Hapo ndipo zilipoanza siku sita.

Siku ya kwanza alikwenda kwa mkuu wa nyumba kumi, anayemjua vema kwa sababu hununua sambaza kwake. Aliandika karatasi kwa mkono kwamba mama huyu ni mkaaji wake na hana uwezo. Faranga 2.000, za bic na karatasi. Siku ya pili mkuu wa mtaa hakuwapo. Siku ya tatu alikuwapo, akasoma, akauliza mgonjwa ni nani.

“Ni mukamwana wangu, chef.”

“Iko na karte?”

Hakuwa na kadi ya uchaguzi. Congo nzima kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha mwananchi wa kawaida, kwa kuwa kwa miaka mingi hakujakuwa na nyingine mikononi mwa watu. Lakini Masisi na Rutshuru hawakupiga kura Desemba 2023 kwa sababu ya vita, na vijana wengi wa huko waliofikisha miaka 18 wakati ule hawakuandikishwa popote. Binti wa Sake alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kuipoteza kadi. Hakuwahi kuwa nayo.

“Mama,” mkuu akasema, “siwezi kuandika mutu mwenye haiko na karte. Nikiandika huyu, kesho watakuja mia.” Hakuwa mtu mbaya. Mwisho akaandika kwa jina la mama mwenyewe, akapiga mhuri. Faranga 5.000.

Siku ya nne, kwenye ofisi inayotoa cheti chenyewe, walimwambia lazima mtumishi mmoja afike nyumbani kuona kama umaskini ni wa kweli, na kwamba mtumishi hana usafiri. Usafiri ulikuwa dola 5. Mtumishi alifika siku ya tano asubuhi kwa pikipiki, akasimama mlangoni, akaona vitanda viwili, jiko la makaa, na mabeseni. Aliandika dakika tatu. Mama anakumbuka kwamba alikuwa amefagia, kisha akaona haya kwa kuwa amefagia: labda nyumba safi ingeonekana ya mtu mwenye uwezo.

Cheti kilitoka mchana huo. Aliposhika njia ya hospitali alikuwa karibu kukimbia. Dirishani walikigeuza, wakaangalia fakture, wakaangalia tena cheti. Cheti kilikuwa na jina la mama. Fakture ilikuwa na jina la binti. Maskini aliyethibitishwa hakuwa mgonjwa, na mgonjwa hakuwa amethibitishwa.

Siku ya sita ikaenda katika kutengeneza daraja kati ya majina mawili. Mtu mmoja mbele ya ofisi, wa wale wanaokaa na mashine chini ya mwavuli, akampa shauri: binti achukue cheti cha kupoteza kadi. Kwa hicho angekuwa na karatasi yenye jina lake na mhuri, ya kuambatanisha na ile nyingine. Mama akauliza atapotezaje kitu ambacho hakuwahi kukipata. Yule mtu akacheka, akasema Goma nzima imepoteza kadi. Faranga 10.000. Akalipa. Ni jambo baya kumfundisha mtu mwaminifu kwamba lazima aseme uongo mdogo ndipo ukweli wake mkubwa ukubalike, lakini asiyekuwa na mtoto nyuma ya lango asimhukumu.

Hospitali ilipokea karatasi zote mbili na kupunguza dola 25.

Hesabu yake ni fupi. Karatasi zilimgharimu faranga 21.000 mpaka cheti, pamoja na 10.000 za kadi iliyopotea, jumla 31.000, yaani dola 11. Siku sita bila kuuza sambaza ni faranga 27.000, karibu dola 10. Siku sita za kitanda cha binti ni dola 12. Kwa kupunguziwa dola 25 alitoa karibu 33. Cheti cha umaskini kilimwongezea umaskini wa dola 8, na hapo haijahesabiwa nauli.

Wako watu Majengo waliomcheka kwa upole na kumwambia angejifungulia ng'ambo. Kutoka Birere mpaka mpaka mdogo ni mwendo wa miguu, na wanawake wa Goma huvuka kila siku na mboga na samaki. Kutaja Rwanda kwa sifa mjini Goma, kwa jinsi mambo yalivyo, si jambo la kusemwa kwa sauti, na kuna sababu zake. Lakini wanawake wa mpakani wanajua bei. Kule, kwa miaka mingi, mutuweli ya afya ilikuwa faranga za Rwanda 3.000 kwa mtu kwa mwaka kwa watu wengi, 7.000 kwa wenye mali, na walio maskini zaidi walilipiwa na serikali. Kwenye kituo cha afya mwanachama alitoa faranga 200, hospitalini sehemu ya kumi ya gharama. Haikuwa bure, na wapo walioshindwa hata hizo. Ila mtu alijua kabla ya kuugua atadaiwa nini. Congo nayo ina sheria ya mutuweli, ya tarehe 8 Februari 2017. Muuza sambaza hakuna aliyewahi kumwambia.

Chama alichokuwa nacho ni Muso.

Msomaji wa Kivu anaijua Muso: wanawake ishirini au thelathini, mkutano kila juma, na masanduku matatu. La kijani ni la mikopo, kila mtu anaweka na kukopa, na kurudisha na riba. La bluu ni la pesa zinazotoka nje, kama zikija. Jekundu ni la maradhi na misiba. Anayeweka humo harudishiwi, na anayepewa halipi. Muso ya mama ilikuwa na wanawake 18, na kila Jumatano kila mmoja aliweka faranga 500 katika jekundu.

Tarehe 18 Septemba alisimama akaeleza. Kulikuwa na kimya, kisha katibu akafungua daftari na kusoma kanuni: sanduku jekundu ni la mwanachama, mume wake na watoto wake. Mukamwana hakuandikwa.

Mmoja akasema, si kwa ubaya, kwamba binti huyo hata mahari haijatolewa, na kwamba wakianza na wakwe hawatamaliza, kwa sababu nyumba zote sasa zina wageni wa vita. Alisema kweli. Nyumbani kwake mwenyewe kulikuwa na wageni tisa. Sanduku lilikuwa na faranga 152.000 tu, na mwezi wa mvua na homa ulikuwa unakuja. Wakabishana karibu saa nzima, na aliyekuwa anapita nje angedhani wanagombana. Walikuwa wanafanya kazi ambayo ofisi yoyote ya bima duniani inafanya, ya kuamua ni nani aliye ndani na nani aliye nje, ila wao waliifanya wakitazamana usoni, na mwombaji ameketi katikati yao.

Mwenyekiti wao, bibi aliyekwisha kuzika watoto watatu, aliuliza swali moja. “Na ule mutoto wa ndani ya shuka, yeye naye tumuulize mahari?”

Wakatoa faranga 70.000 kutoka jekundu, na 140.000 za mkopo kutoka kijani, kwa riba ya faranga 7.000 kwa mwezi, miezi mitatu. Mama akauza vitenge viwili alivyokuwa ameweka kwa ajili ya arusi ya mwanawe, dola 25. Jumla ikawa dola 100.

Ijumaa tarehe 20 fakture ilikuwa imefika dola 185. Toa 25 za cheti, toa 100 mkononi, zikabaki 60. Waliandikisha ahadi ya kulipa kidogo kidogo, na kama rehani walichukua kadi ya uchaguzi ya mama. Akaiona ikiingia ndani ya droo pamoja na nyingine nyingi zilizofungwa kwa raba. Hati ya kuzaliwa ya mtoto nayo ilibaki pale mpaka deni liishe. Mlinzi akafungua lango.

Hati hiyo ndiyo iliyomnyima mama usingizi kuliko kadi. Mtoto huandikishwa bure kwenye daftari la serikali ndani ya siku 90. Zikipita, inabidi hukumu ya mahakama, na mahakama ina karatasi zake. Mama aliyaona wazi maisha ya mjukuu yakianza vilevile kama ya mama yake: mtu yupo, anakula, anakohoa, na hakuna mahali alipoandikwa. Siku ya 90 ilikuwa tarehe 2 Desemba. Aliiandika kwa makaa ukutani nyuma ya mlango.

Katikati ya Oktoba kijana wa Rubaya alipatikana, akatuma dola 30 kwa simu. Zilizobaki 30 zilitoka kwenye beseni, dola 3 kila Jumamosi, na juma la upepo zikatoka kwenye chakula. Tarehe 28 Novemba alimaliza. Dirishani walitafuta kadi yake muda mrefu, wakifungua raba moja baada ya nyingine, na alizitazama zile sura ndogo za wanawake, nyingine za vijijini kabisa, moja ya mtu anayemfahamu kutoka Mugunga. Hati ya kuzaliwa ilikuwa na kosa katika jina la binti. Wakaisahihisha pale pale bila kudai kitu. Kesho yake mtoto aliandikishwa kwenye komini.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulishikwa na M23 baada ya siku za mapigano mitaani. Benki zikafunga, na wenye pesa humo wakabaki na namba tu. Masanduku matatu ya Muso yalikuwa chini ya kitanda cha mwanachama mmoja na hayakuguswa. Jekundu lilitumika lote katika juma la kwanza.

Walipokutana tena, mwezi wa Februari, walikuwa 15. Kanuni ya nani anahesabiwa kuwa mtu wa nyumba ilibadilishwa. Sasa ni kila anayelala humo kwa miezi mitatu. Binti wa Sake alikuja na mtoto mgongoni, akaomba kuingia. Siku hizi anauza lengalenga mbele ya nyumba. Katibu aliandika jina lake kwenye mstari wa 16 na hakumuuliza kadi, akapokea faranga 500, akaziweka katika sanduku jekundu.